Sumu ya barabarani haitawamaliza panya wa Nakuru

KATIKA vituo vya matatu na kandokando ya masoko ya Nakuru, kipaza sauti kidogo hurudia maneno yale yale kutwa nzima: ipo dawa ya panya, ya mende, ya kunguni na ya viroboto. Pakiti ni ndogo, bei ni ya chini, na wanunuzi hawakosekani.

Hakuna anunuaye sumu kwa kupenda. Aliyeinunua amekesha akisikiliza vishindo darini, na kulipopambazuka akakuta mkate umetobolewa, sare ya mtoto imetafunwa mfukoni na gunia la mahindi likimwaga punje kutoka chini. Ameona kinyesi juu ya sahani alizoziosha jioni.

Jambo linalostahili kuchunguzwa ni kwamba mnunuzi huyo hurudi. Baada ya wiki kadhaa husimama tena mbele ya muuzaji yule yule, kwa sababu panya wamerejea, na mara nyingine ni wengi kuliko awali. Wengi hudhani kwamba sumu ilikuwa hafifu. Huenda ilikuwa hafifu kweli. Hata hivyo, ingekuwa kali namna gani, tatizo lingebaki pale pale, kwa kuwa panya anayesumbua nyumba moja hakuzaliwa na hali ya nyumba hiyo pekee.

Analetwa na nafaka, analishwa na taka, na anahifadhiwa na namna nyumba za kupangisha zinavyojengwa. Mambo hayo matatu hayamo mikononi mwa mpangaji peke yake, ilhali gharama yote ya kupambana na panya imeachwa juu yake.

Mji wa nafaka

Nakuru ilianza kama kituo cha reli mwaka 1900, ikatambuliwa kuwa mji mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika kipindi hicho chote, uhai wake umetegemea mazao ya mashamba yanayoizunguka. Mahindi, ngano na shayiri kutoka Njoro, Rongai, Molo, Subukia, Bahati na Solai hupita humo kuelekea kwenye maghala, vinu na masoko.

Palipo na nafaka hapakosi panya. Lakini si panya wa aina moja, na kosa la kwanza la wakazi wengi ni kuwachukulia wote kuwa sawa.

Yupo panya mweusi wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, hodari wa kupanda kuta, mabomba na nyaya. Asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari pamoja na shehena, akafika pwani, kisha akazifuata njia za biashara hadi bara. Yupo pia panya mdogo wa nyumbani, ambaye huishi kabatini, nyuma ya jiko au ndani ya kochi, na huweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji ikiwa chakula chake kina unyevu kidogo.

Wa tatu ni panya wa shambani ambaye wataalamu humwita Mastomys. Huyu si mgeni. Ni mzaliwa wa Afrika. Huishi katika mahindi na vichaka, lakini mavuno yanapokwisha na mabua yanapofyekwa, hukosa chakula na maficho kwa wakati mmoja. Hapo ndipo huingia maghalani na majumbani. Jike mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mzao mmoja, baada ya mimba ya wiki tatu hivi.

Ndiyo maana malalamiko katika nyumba zilizo karibu na mashamba huongezeka baada ya mavuno, ambayo katika sehemu nyingi za kaunti hii huanza mwezi Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Familia imeleta magunia yake nyumbani, mara nyingi katika chumba cha kulala kwa kuhofia wezi, na panya waliokuwa wakila shambani wamefuata chakula chao.

Hesabu ya hasara si ngumu. Panya wa darini aliyekomaa, mwenye uzito wa gramu 150 hivi, hula takriban gramu 15 za nafaka kwa siku. Panya 10, idadi ambayo dari moja ya mabati huweza kuificha bila mwenyewe kujua, watakula kilo 4.5 kwa mwezi. Kwa miezi 6 hizo ni kilo 27, yaani karibu thuluthi ya gunia la kilo 90, au gorogoro 13 hivi. Na hicho ni kile walichokula tu. Nafaka waliyoichafua kwa mkojo, kinyesi na manyoya ni nyingi zaidi, na magunia waliyoyatoboa hayauziki.

Mvua nyingi, panya wengi

Historia ya Bonde la Ufa ina funzo ambalo halizungumzwi sana. Mwaka 1961, baada ya kipindi cha ukame, mvua kubwa zilinyesha kote Afrika Mashariki, zikafurisha mito na maziwa. Mwaka uliofuata, 1962, panya waliongezeka kupita kiasi katika sehemu za kilimo nchini Kenya na kuharibu mazao mashambani. Tukio hilo lilichunguzwa na kuandikwa na wataalamu wa kilimo wa wakati huo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walikuja kulieleza jambo hilo kwa kina. Mvua nyingi zinaponyesha mapema, nyasi na mbegu huchipuka kabla ya wakati wake, na panya wa shambani huanza kuzaa mapema. Watoto wao nao huwahi kukomaa na kuzaa ndani ya msimu ule ule. Matokeo yake huonekana miezi kadhaa baadaye, wakati watu wamekwisha kuisahau mvua yenyewe.

Hii ina maana kwamba wimbi la panya huweza kutabirika. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zilizofuata ukame wa misimu kadhaa, zilifanana kwa sura na zile za 1961. Mwaka wa namna hiyo ungepaswa kuwa ishara kwa maafisa wa kilimo na wa afya kutoa onyo miezi mingi kabla ya mavuno. Kwa kawaida mkulima huonywa juu ya viwavi, nzige na sumukuvu. Onyo juu ya panya ni nadra kusikika, labda kwa sababu panya ameonekana kuwa aibu ya nyumba ya mtu na si jambo la kutangazwa redioni.

Kwa nini sumu hushindwa

Panya wa darini ni mwoga wa vitu vipya. Akikuta chakula asichokizoea, au kitu kilichowekwa njiani mwake jana, hukikwepa kwa siku kadhaa. Akikionja, huonja kidogo. Iwapo sumu ni ile iuayo kwa haraka, kama vile unga mweusi wa fosfidi ya zinki, panya aliyeonja kidogo huugua, hupona, na kamwe hagusi tena chakula kile. Mwenye nyumba huona mizoga miwili siku ya kwanza akafurahi, kisha hakuna anayekufa tena.

Zipo sumu za aina nyingine, zinazozuia damu kuganda. Panya huzila bila kushuku kwa sababu maumivu huja baada ya siku kadhaa. Hizi hufanya kazi vizuri zaidi, lakini zina tatizo lake: panya hufia popote, ndani ya ukuta au juu ya dari, na harufu hukaa wiki nzima. Isitoshe, paka au bundi anayemla panya aliyesumishwa huweza kufa naye. Ni kejeli ya kusikitisha kwamba familia inayotafuta kuondokana na panya huishia kumwua yule ambaye angewala bure.

Bundi, kwa bahati mbaya, hana wa kumtetea. Katika vijiji vingi hupigwa mawe kwa imani kwamba ni ndege wa mikosi, ilhali jozi moja ya bundi yenye makinda hukamata panya usiku baada ya usiku.

Hata kama sumu itawaua panya wote wa chumba kimoja, kuna suala la jirani. Katika ploti ya Kaptembwo, Rhonda au Free Area, vyumba 10 au 20 hupangwa kwa safu chini ya paa moja. Mara nyingi ukuta unaotenganisha chumba na chumba huishia chini ya paa, na dari, ikiwapo, ni moja kwa wote. Mpangaji wa chumba cha tatu anapoua panya wake, nafasi hujazwa na panya wa chumba cha nne katika siku chache. Amelipia sumu ili apate panya wapya.

Hatari kubwa zaidi imo katika pakiti yenyewe. Sumu zinazoruhusiwa nchini Kenya husajiliwa na bodi ya taifa ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, na hutakiwa kuwa na jina, kiasi cha kemikali, maelezo ya matumizi na hatua za kuchukua mtu anapodhurika. Unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa kwa kipande cha nailoni hauna lolote kati ya hayo. Anayeununua hajui kama ni sumu ya panya kweli, dawa kali ya mashambani, au unga wa kawaida uliotiwa rangi.

Daktari naye hajui. Mtoto anapookota kipande cha mkate kilichotegwa chini ya kitanda, jambo la kwanza linaloulizwa hospitalini ni alikula nini. Sumu inayozuia damu kuganda ina tiba, vitamini K1. Fosfidi ya zinki, ambayo hugeuka kuwa gesi ya sumu tumboni, haina dawa maalumu ya kuizima. Daktari hubaki kuutegemeza mwili tu. Dawa za mashambani zinazoshambulia neva huhitaji tiba tofauti kabisa. Mzazi aliye na pakiti yenye maandishi huokoa dakika ambazo mzazi mwenye kipande cha nailoni hana. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kutapika, wala familia isipoteze muda kutafuta maziwa; apelekwe hospitalini mara moja pamoja na mabaki ya kile alichokila.

Magonjwa: hofu iliyopo na hofu isiyopaswa kuwapo

Waswahili wanaposema fulani anauma na kupuliza, mfano huo waliutoa kwa panya, anayesemekana kumng'ata aliyelala huku akimpuliza ili asihisi. Mama wa mtoto mchanga katika chumba chenye panya hahitaji kufafanuliwa msemo huo. Mtoto aliyelala na maziwa mdomoni au mikononi huweza kung'atwa kweli.

Hata hivyo, madhara mengi zaidi huja bila kung'atwa. Leptospirosisi, ugonjwa unaosababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia mwilini kupitia mchubuko au maji machafu. Nchini Tanzania ugonjwa huo hujulikana kama homa ya Mgunda, na mwezi Julai 2022 wizara ya afya ya nchi hiyo ilitangaza kwamba umewapata watu 20 katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, na kuwaua 3. Kabla ya uchunguzi wa maabara kukamilika, wananchi walikuwa na hofu ya ugonjwa usiojulikana, kwani baadhi ya wagonjwa walitokwa damu puani.

Hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa katika mtaa wa Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2013, uligundua bakteria hao katika karibu panya mmoja kati ya kila watano walionaswa, wengi wao wakiwa wamenaswa ndani ya makazi. Kibera si Nakuru. Lakini mtu anayezijua safu za vyumba za Kaptembwo, mitaro yake iliyo wazi na vyoo vyake vya pamoja, hatapata sababu ya kuamini kwamba panya wa huko wana usafi zaidi.

Shida ni kwamba homa hiyo huanza kama malaria: joto, maumivu ya misuli na kichwa. Mgonjwa hupewa dawa za malaria au za homa ya matumbo na kurudishwa nyumbani, na kesi yake haihesabiwi popote. Ndiyo sababu ni vigumu kuishawishi serikali yoyote kwamba panya ni suala la afya: waliougua hawamo vitabuni.

Kwa upande mwingine, kuna hofu ambayo haina msingi hapa. Homa ya Lassa, inayoenezwa na panya wa jamii ile ile ya Mastomys, ni ugonjwa wa Afrika Magharibi. Panya huyo yupo Afrika Mashariki, lakini virusi hivyo havijulikani kuwapo miongoni mwa panya wa huku.

Tauni ni habari nyingine. Mwaka 1902 wakuu wa kikoloni waliteketeza kwa moto soko la Wahindi jijini Nairobi baada ya ugonjwa huo kuzuka. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mtaalamu aliyetumwa kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza kwamba miji ya Afrika Mashariki igawanywe kwa rangi za watu, na afya ilitolewa kuwa mojawapo ya sababu. Hivyo panya akawa kisingizio cha kuwatenga Wahindi na Waafrika katika sehemu zao, badala ya kuwa sababu ya kuzijenga vyema sehemu hizo. Mgawanyo ulitekelezwa kwa bidii; nyumba bora hazikufuata kwa bidii hiyo.

Sheria inayolala

Kutokana na hofu ile ya tauni, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921 na ambayo ingali msingi wa kazi ya maafisa wa afya, ilimtaja panya waziwazi. Inataka kila jengo la kuhifadhia vyakula lijengwe kwa vifaa na kwa namna itakayozuia panya kuingia. Mkoloni aliijua thamani ya ghala la mfanyabiashara.

Chumba cha mpangaji hakikutajwa kwa ukali huo, ingawa hakikusahauliwa kabisa. Sheria hiyo huhesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, pamoja na malundo ya taka, kuwa kero ambayo afisa wa afya anaweza kuamuru iondolewe. Na hapa pana kifungu ambacho wapangaji wachache wanakijua: kero inapotokana na kasoro ya ujenzi wenyewe, amri huelekezwa kwa mwenye nyumba wala si kwa aliyepanga.

Tundu lililoachwa bomba lilipopita ukutani ni kasoro ya ujenzi. Vivyo hivyo ukuta ulioishia chini ya paa, mlango uliokatwa ukaacha upenyo wa vidole viwili chini, na mtaro usiofunikwa. Mpangaji anayenunua sumu kila mwezi analipa deni la mtu mwingine.

Bila shaka wenye nyumba watasema kwamba kodi ya chumba cha mabati haitoshi kujengea dari ya saruji. Ni kweli, na hakuna anayedai dari ya saruji. Panya mdogo hupenya katika tundu la upana wa penseli, na yule mkubwa katika tundu linaloingia kidole gumba. Kuziba matundu ya vyumba 10 kwa saruji, vipande vya mabati na waya ule wa kusugulia sufuria ni kazi ya fundi mmoja kwa siku mbili au tatu. Gharama yake, ikigawanywa kwa vyumba vyote, haifikii kodi ya mwezi mmoja ya chumba kimojawapo kwa kila mpangaji. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye nyumba kwamba analazimika.

Kinachofanya kazi

Mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti walijaribu njia nyingine katika vijiji vya Tanzania, Namibia na Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini. Badala ya kila nyumba kupigana kivyake, kijiji kizima kilitega mitego siku moja na kuendelea kila siku, huku nafaka ikihifadhiwa vyema na vichaka vikifyekwa. Panya walipungua na wakabaki wachache, jambo ambalo nyumba moja moja haikuwahi kulipata kwa sumu. Si ajabu: panya wanapopungua katika eneo zima, hakuna jirani wa kuijaza nafasi.

Mtego wa kubana hauna sumu, hutumika mara mia, na huonyesha aliyekufa. Hata hivyo hutegwa vibaya mara nyingi. Panya hapiti katikati ya chumba; hufuata ukuta, akipita pale pale kila usiku, na ndiyo maana hata vichochoro vya magendo mipakani huitwa njia za panya. Mtego uwekwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukiuelekea ukuta. Kwa panya wa darini uachwe siku tatu au nne ukiwa na chambo bila kutegwa, ili auzoee, kisha mitego yote itegwe usiku mmoja. Mitego 6 kwa usiku mmoja ni bora kuliko mtego mmoja kwa usiku 6.

Kuhusu gundi, ambayo sasa huuzwa kila mahali, huwanasa panya wadogo lakini hupoteza nguvu ikiingia vumbi, na humwacha mnyama akiteseka kwa saa nyingi mbele ya watoto. Si njia ya kupendekeza.

Na paka je? Methali husema paka akiondoka, panya hutawala, na watu huamini kwamba paka mmoja anatosha. Utafiti uliofanywa katika maboma ya Swaziland na kuchapishwa mwaka 2017 ulileta jibu lisilotarajiwa: boma lenye paka pekee, au mbwa pekee, halikuwatisha panya kwa kiasi cha kutosha. Palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya waliogopa kutoka na kula. Ploti ya mjini haiwezi kufuga wote wawili kwa kila chumba, lakini mkulima wa Subukia au Mauche anaweza, na pengine anao tayari.

Nafaka ndiyo ngome ya mwisho. Magunia yasiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wameyakubali, huua dumuzi na fukusi kwa kuwanyima pumzi. Lakini ni nailoni tu. Jino la panya likiyatoboa, hewa huingia na wadudu hufufuka. Mkulima aliyelipa zaidi kwa gunia hilo na kulilaza sakafuni kando ya ukuta amepoteza fedha zake. Liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiasi cha mtu kupita, au ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko. Ghala la nje liinuliwe mita moja kutoka ardhini, kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli lililogeuzwa, na pasiwe na tawi wala ngazi iliyoegemezwa hapo usiku.

Usafishaji nao una namna yake. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu, kwa kuwa vumbi lake huvutwa puani. Kimwagiwe kwanza maji yenye dawa ya klorini, kiachwe kwa dakika kadhaa, kisha kipanguswe kwa kitambaa na mikono iliyofunikwa.

Taka zinazowalisha

Yote hayo, hata yakifanywa kwa uangalifu, yatadhoofishwa na lundo la taka mwishoni mwa kichochoro. Jaa la Gioto, kwenye miteremko iliyo chini ya Menengai, limepokea taka za Nakuru kwa miongo kadhaa, na familia zinaishi kando yake. Lakini jaa hilo si tatizo la pekee wala kubwa zaidi kwa mkazi wa Bondeni au Kivumbini. Tatizo lake ni lile jaa dogo lisilo rasmi nyuma ya soko, ambako maganda, mabaki ya vibanda vya vyakula na nafaka zilizooza hukaa siku nyingi yakisubiri lori.

Katiba ya 2010 iliweka uondoaji wa taka na usimamizi wa majaa mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka iliongeza sharti kwamba taka zinazooza zitenganishwe na zile zisizooza tangu nyumbani. Sharti hilo limezungumzwa zaidi kama suala la mazingira. Kwa mtu anayeelewa panya, lina maana nyepesi zaidi: taka zinazooza ndizo chakula cha panya. Zikikusanywa peke yake na mara kwa mara, hata kama chupa na nailoni zitachelewa wiki nzima, panya watakuwa wamenyimwa mlo.

Katika mitaa mingi wakazi hulipa makundi na kampuni za kibinafsi kuchukua taka. Anayeshindwa kulipa hutupa usiku kichochoroni, na lundo lake huwalisha panya wa wale waliolipa. Kulifanya jambo hilo kuwa biashara ya hiari ya kila nyumba kumerudia kosa lile lile la sumu.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru ina maafisa wa afya ya umma katika wadi zake. Ina uwezo wa kisheria wa kumwandikia mwenye ploti notisi ya kuziba matundu, na wa kupanga siku moja ya kutega mitego katika mtaa mzima, tuseme Septemba, kabla mahindi hayajafika nyumbani. Maafisa hao ni wachache, na kwa kawaida hupelekwa kukagua hoteli na vichinjio, ambako leseni hulipiwa. Ploti ya vyumba 20 hailipii leseni ya namna hiyo, na ni nadra kwa mkaguzi kuibisha hodi mpaka pawe na kipindupindu.

Mpangaji anayetaka notisi hiyo itolewe hana budi kwenda mwenyewe katika ofisi ya afya ya wadi na kuandikisha malalamiko, ikiwezekana pamoja na majirani zake, kwa kutaja kwamba kasoro ni ya jengo. Wengi husita kwa hofu ya kufukuzwa au kupandishiwa kodi. Malalamiko ya vyumba 12 katika karatasi moja ni magumu kulipizwa kuliko ya chumba kimoja, na ofisi iliyokwisha kupokea karatasi yenye muhuri na tarehe haiwezi kudai baadaye kwamba haikujulishwa.